Nani Alipanda Mpunga wa Kasongo?

Walikuwa na urefu wa kidole. Fundi aliyewachonga aliwapanga nyuma ya kioo, kila kundi na kazi yake: hawa wanakata miti kwenye kinamasi, wale wanachimba udongo wa tuta, wengine wameinama mstari mmoja na majembe. Mwishoni kabisa, karibu na ukuta, wanawake wawili wanatazamana juu ya kinu kimoja. Wa kushoto ameinua mchi. Wa kulia, mchi wake umezama kinuni.

Nilisimama pale, mdundo ukanijia masikioni.

Aliyelelewa na koko, yaani bibi, anaujua utwangaji wa watu wawili. Mchi wa mwenzako ukipanda, wako unashuka, na usipofuata zamu michi inagongana. Kwetu Kadutu, mtaa wa Bukavu, mashariki ya Congo, tulitwanga sombe, majani ya muhogo, namna hiyo karibu kila jioni, na mara mojamoja mpunga, pale wageni wa Kasongo, mji wa jimbo la Maniema, walipotuletea ukiwa bado na maganda yake. Sasa nilikuwa naona mikao ileile, viuno vilevile, ng'ambo ya bahari, katika jumba la makumbusho ya mpunga la Georgetown, jimbo la South Carolina, Marekani.

Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, ndiye aliyenipeleka. Ukimbizi ulimfikisha Columbia, mji mkuu wa jimbo hilo, na huko anaishi na watoto wake. Tulipokuwa njiani aliniambia tutaona nyumba ya kizamani yenye saa. Hakuniambia kwamba nitatoka mle na swali ambalo lingekula wiki zangu nyingi huku Bukavu.

## Maji yanayojifungia mlango

Jumba lenyewe zamani lilikuwa soko la mji. Lina mnara wa saa wa miaka ya 1840, na nyuma yake unapita mto Sampit. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1970.

Nieleze kwanza kilimo chenyewe, kwa sababu nilikistaajabia na bado nakistaajabia.

Georgetown iko pale ambapo mito kadhaa, Waccamaw, Pee Dee, Black na Sampit, inaingia katika ghuba moja na kwenda baharini. Bahari ikijaa inayasukuma maji ya mto kurudi nyuma. Maji ya chumvi ni mazito, yanakaa chini; maji matamu ya mto yanapanda juu yake. Sasa zungushia kinamasi cha kando ya mto tuta refu. Ndani ya tuta laza sanduku la mbao, refu, lenye mlango huku na mlango huku. Bahari inapojaa, unainua mlango wa upande wa mto. Maji matamu yanaingia na kuusukuma mlango wa ndani ufunguke, shamba linajaa. Bahari inapokupwa, maji yanataka kurudi mtoni, na kwa kutaka kurudi yanausukuma uleule mlango wa ndani ujifunge. Siku ukitaka kukausha shamba, unageuza kazi ya milango.

Pampu hakuna. Mafuta hakuna. Mwezi unavuta bahari, bahari inamwagilia mpunga.

Lakini tuta halikujijenga. Lilijengwa na watu waliosimama katika matope, katikati ya nyoka na mbu, kwa jembe na koleo na kikapu. Kabla ya tuta walikuwa wameng'oa msitu mzima wa miti ya kinamasi. Baada ya tuta walipanda: mbegu walizipaka udongo wa mfinyanzi zisielee, na kwenye mashamba mengine walizikandamiza ardhini kwa kisigino. Kazi ilipimwa. Mtu mmoja, robo ya eka kwa siku. Kisha kuvuna kwa mundu, kupura, na usiku au kabla ya alfajiri kutwanga, maana mashine za kukoboa kwa nguvu ya maji zilikuja baadaye, kuelekea mwisho wa karne ya 18. Mashamba haya ya maji yaliua watoto wengi wa watumwa kuliko mashamba ya pamba.

Karibu mwaka 1840 wilaya ya Georgetown peke yake ilitoa karibu nusu ya mpunga wote wa Marekani. Mwenye mashamba mmoja wa huko, Joshua John Ward, alimiliki watu zaidi ya 1,000. Nimeandika: alimiliki watu.

Jumba lile halilifichi jambo hilo. Linasema wazi kwamba utajiri wa mji ulitoka mikononi mwa Waafrika waliofungwa utumwani, na linamtaja Joseph Rainey, aliyezaliwa mtumwa hapohapo Georgetown mwaka 1832 na kuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia Baraza la Wawakilishi la Marekani, mwaka 1870. Nilifurahi kwa ajili yake kama vile ni mtu wa kwetu.

Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikaisha mwaka 1865 na utumwa ukafutwa. Dhoruba za baharini zikabomoa matuta, na majimbo ya Louisiana, Arkansas na Texas yakaanza kulima mpunga kwa mashine kwenye ardhi ngumu. Hata hivyo mimi naona sababu ya kwanza ni ile iliyo wazi kabisa: watu walipata haki ya kukataa. Nani angeingia tena katika matope yale kwa hiari yake, kwa ujira ule mdogo? Mwanzoni mwa karne ya 20 mpunga wa biashara wa Georgetown ulikuwa umekwisha.

## Swali

Aliyetutembeza alikuwa mama mtu mzima, mwenye nywele nyeupe, mpole wa kusema. Aliuliza tunatoka wapi. Dada akamjibu: Congo, mashariki, mji ulioko kwenye ziwa. Mama akauliza kama kwetu tunakula wali. Tunakula, dada akasema. Na sombe, na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na maharage.

"Na kwenu, nani aliupanda mpunga mwanzoni?"

Dada akajibu bila kufikiri, kama tulivyofundishwa wote shuleni: waliuleta Waarabu.

Yule mama akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha akauliza tena, polepole, na dada akanitafsiria neno kwa neno: "Aliyeuleta nimemsikia. Naulizia aliyeupanda."

Tulitazamana. Kundi lingine la wageni likaingia, akaomba radhi akawafuata.

## Nilichotaka kiwe chetu

Niliporudi Bukavu nilianza kutafuta jibu huko huko Marekani, maana huko mambo yameandikwa.

Nikakutana na habari ya Stono. Tarehe 9 Septemba 1739, karibu na mto Stono katika koloni la South Carolina, watumwa wapatao 20 walivunja duka, wakachukua silaha, wakaanza safari ya kwenda Florida kwa Wahispania, ambako waliahidiwa uhuru. Njiani wenzao wakajiunga. Kiongozi wao anajulikana kwa jina la Jemmy. Inaaminika walikuwa watu wa Kongo, ufalme wa Kongo ule wa Mbanza Kongo, Angola ya leo, na kwamba wengi wao walikuwa Wakatoliki kabla hawajapanda meli. Waliuawa wengi. Mwaka uliofuata koloni lilitunga sheria kali: mtumwa asifundishwe kuandika, asikusanyike na wenzake, asilime chakula chake mwenyewe.

Niliposoma hayo nilitaka sana kusema: tazameni, ni sisi. Mpunga wa Marekani ulilimwa na Wakongo. Ningeandika makala nzuri na watu wangeipenda.

Ila moyo ulikataa.

Kwanza, ufundi wa mpunga hautokani na Kongo. Afrika ina mpunga wake wenyewe, tofauti na ule wa Asia. Ulianza kulimwa yapata miaka 3,000 iliyopita kwenye bonde la mto Niger, Mali ya leo, ukashuka hadi Senegal, Gambia, Guinea na Sierra Leone. Watu wa pwani hiyo walijua kujenga matuta kwenye mikoko na kuzuia maji ya chumvi muda mrefu kabla ya Georgetown. Mwanajiografia Judith Carney alieleza kwa kirefu mwaka 2001 kwamba hao ndio walioubeba ujuzi huo hadi Amerika. Mwaka 2007 David Eltis na wenzake wakampinga kwa hesabu za meli: watu wa pwani ya mpunga, walisema, hawakuwa wengi kiasi hicho miongoni mwa waliouzwa South Carolina. Mabishano yanaendelea. Mimi nikiwatazama wale wanawake wawili na mchi wao naegemea upande wa Carney, lakini upande wowote utakaoshinda, Mkongo wa mwaka 1739 ataonekana mtu aliyeingizwa katika shamba la mmea ambao wengi wa kwao hawakuulima.

Pili, na hili ndilo lililoniuma, Mbanza Kongo ni mbali sana na Bukavu. Babu zetu wa mashariki hawakupelekwa kwenye bahari hiyo. Walitembezwa upande wa pili, kwenda Ujiji, Tabora, Bagamoyo, Unguja. Wamanyema wa Ujiji na wa Kariakoo ni watu wa damu yetu. Ningelikumbatia jeraha la Atlantiki ningekuwa nalikimbia la nyumbani.

Nikageuka nikatazama Maniema.

## Saa moja na nusu

Mwaka 1893 majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yaliteka Nyangwe kisha Kasongo, miji ya Waarabu na Waswahili waliokuja na misafara kutoka pwani. Daktari mmoja Mwingereza, Sidney Hinde, alikuwa pamoja nayo. Aliandika alichokikuta Kasongo: nyumba nzuri, bustani, miwa, mahindi, miti ya matunda. Na aliandika kwamba alipanda mnyama akapita ndani ya shamba moja la mpunga kwa muda wa saa moja na nusu.

Shamba moja. Saa moja na nusu.

Niliusoma mstari huo nikaweka simu chini. Kwa mwendo wa taratibu, hiyo ni kama kutoka Kadutu hadi kuuacha mji nyuma kabisa, huku kushoto mpunga, kulia mpunga. Nani alilima pale? Misafara ya pwani ilikuja na bunduki, shanga, vitambaa, Kiswahili na mbegu. Wenye misafara hawakuja kuinama na jembe. Wanahistoria wengi wanasema: karibu na vituo kama Nyangwe, Kasongo na Kabambare mashamba yalilimwa na mateka. Chakula hicho ndicho kilicholisha misafara iliyokwenda kuteka wengine.

Nyangwe tunaijua kwa kisa kingine. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwepo sokoni watu wa misafara walipofyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza vitu vyao, na wengi wakafa maji katika mto Lualaba wakikimbia. Soko la Nyangwe lilikuwa la wanawake. Shamba la Kasongo nalo, kwa vyovyote vile, lilikuwa kwa sehemu kubwa la wanawake.

Hamed bin Muhammed, yule tajiri wa pembe na watumwa tunayemwita Tippu Tip, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Tunajua alizaliwa Unguja, tunajua vita vyake, hesabu za pembe zake, jinsi alivyokutana na Stanley mwaka 1876, jinsi alivyofanywa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, mwaka 1887. Kiswahili hiki ninachokiandika kilifika kwetu kwa njia ileile, msafara uleule, pengine mzigo uleule wa mbegu. Ninakipenda; sina kingine ninachokiota usiku. Kimemhifadhi bwana wa shamba na maneno yake.

Aliyepanda hakuhifadhiwa hata neno moja.

Huo ndio uzito nilioubeba wiki zile. Kwenye arusi, sahani ya wali inapita mbele yangu, swali la yule mama linarudi.

## Kamba ya moniteri

Niende haraka hapa, kwa sababu wasomaji wangu wengi mmesikia haya kwa wazee wenu.

Wabelgiji waliwaondoa Waarabu lakini mpunga waliuacha, na kulazimisha hawakuacha. Amri ya tarehe 20 Februari 1917 iliruhusu serikali kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao fulani siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, zikawa 120. Mahali pengine ilikuwa pamba. Maniema ulikuwa mpunga pia, wa kulisha wafanyakazi wa migodi. Asiyelima, faini au jela.

Wakati huohuo, huko Yangambi, shirika la utafiti la INEAC lililoanzishwa mwaka 1933 lilikuwa linachagua mbegu bora. Kazi yao ilikuwa ya maana kweli, siwezi kuidharau. R66 ilienea Congo nzima. OS6 ilivuka mpaka ikafika hadi Nigeria. Kila mbegu ilipewa herufi, namba na ukurasa katika daftari.

Mbegu iliandikwa.

## Panzi, mchana

Koko yangu alishafariki, ila mdogo wake yupo, anakaa Panzi, hapahapa Bukavu, na mjukuu. Naye ni koko kwangu. Alizaliwa Kasongo, akaletwa Bukavu kwa ndoa, na mpaka leo akisali anasali kwa sauti ya Kasongo. Nilimpelekea mchele na sukari, nikakaa naye barazani. Alianza kuchambua mchele palepale, kwenye sinia, kwa kidole kimoja: anausogeza ukingoni, kidogo kidogo, jiwe linabaki peke yake, analitupa uani. Macho yake hayaoni vizuri tena. Kidole kinaona.

Nilianza na Wabelgiji, nikidhani ni rahisi zaidi. Akaniambia jinsi moniteri, msimamizi wa kilimo wa serikali, alivyokuja na kamba, akampimia baba yake kipande cha shamba, akarudi baadaye kuhesabu. Kama mpunga umeota magugu, baba anaitwa kwa chifu. Mama yao ndiye aliyepalilia. Jina lililoandikwa kwenye daftari la moniteri lilikuwa la baba.

Kisha nikauliza lililonileta.

"Koko, bale balilimaka mupunga ya zamani kabisa, ya wakati ya Tippu Tip, balikuwa banani?"

"Balikuwa batu."

"Batu gani?"

"Batu ba Bwana."

"Na siye, koko?"

"Siye ni Wangwana."

Alilisema bila kuinua macho, na nilijua maana yake: usiendelee. Wangwana, yaani watu huru, si watumwa, ndio fahari yetu. Kanzu, kitabu, usafi, lugha safi, wali wa Ijumaa. Nimelelewa katika fahari hiyo na sikutaka kuivunja mbele ya mzee wa miaka themanini na kitu. Nikanyamaza. Tukaongea habari za bei ya mkaa, habari za mjukuu na shule yake, habari za barabara.

Nilikuwa nimeshasimama kuaga aliposema, yeye mwenyewe, akiwa bado anachambua:

"Mama ya mama yangu hakukuwaka na ukoo. Balimuletaka mutoto."

Nikakaa tena.

Kwetu kila mtu ana ukoo. Anayeletwa mtoto, na hana ukoo, aliletwa na nani? Nilifanya hesabu kichwani: kama koko alizaliwa karibu mwaka 1940, bibi yake alikuwa mtoto wakati shamba lile alilopita Hinde bado linalimwa. Koko alisema alimkumbuka kidogo, mzee mfupi, aliyetwanga haraka kuliko wote na hakupenda mtu mwingine ashike mchi wake. Alilima mpunga mpaka uzeeni. Kwao hasa ni wapi, hakuna aliyejua. Wengine walisema msituni, upande wa Walega, wengine walisema Lomami. Walimwozesha mtu wa nyumba, akazaa, na watoto wake wakawa Wangwana.

Yaani hakuna pande mbili ambazo ningeweza kuchagua mmoja. Aliyeletwa na waliomleta wamelala katika damu moja, yangu. Nilikwenda Panzi nikitaka kujua sisi ni kina nani katika habari ile, na jibu ni kwamba sisi ni wote.

Jina lake koko aliniambia. Silitaji hapa, hajaniruhusu.

## Mchele wenye mawe

Tangu siku hiyo siwezi kuutazama mchele wa Luberizi kama zamani.

Mnaoshuka Ngomo mnaijua hali: unatoka kwenye baridi ya Nyangezi, barabara inajikunja ukingoni mwa korongo, halafu tambarare ya Ruzizi inafunguka, joto linakupiga usoni. Kamanyola, Luvungi, Luberizi, Sange, mpaka Kiliba. Ng'ambo ya mto unaona mashamba ya Bugarama ya Rwanda, kijani tupu. Upande wetu nao upo mpunga, kwa mifereji ambayo mingine ilichimbwa tangu enzi za Wabelgiji, mingine imeziba, mingine watu wanaizibua wenyewe kwa jembe kila msimu.

Mama mmoja niliyewahi kukaa naye pembeni ya shamba lake alinionyesha magunia ya mavuno. Shamba si lake, amelikodi. Gunia hili la mwenye shamba. Haya ya aliyemkopesha mbegu na mbolea. Hili la wapuraji na wabebaji. Alihesabu kwa kuyagusa mojamoja kwa kiganja, na alipofika kwenye ya kwake mkono haukwenda mbali. Hapo bado vizuizi vya barabarani havijadai chao, na bado vita havijapita. Na vita tambarare ile haijavikosa.

Huyo hakulazimishwa na mtu mwenye bunduki wala moniteri mwenye kamba. Najua tofauti na naiheshimu. Kumwita mtumwa ni kumtukana. Lakini nimekaa na hesabu yake ya magunia nikaona kwamba aliyeinama bado ndiye anayebaki na kidogo, na bado hakuna anayemwandika.

Mpunga wake unapurwa chini, kwenye udongo mkavu, kwa kuwa turubai hana. Ndiyo sababu una mawe. Sokoni Kadutu, kwenye soko la Nyawera na kule Beach Muhanzi, wanunuzi wanasema mchele wa Luberizi ni mtamu lakini una mawe, wanachagua wa Tanzania au wa Pakistani uliosafishwa kwa mashine. Kisha tunalalamika kwamba wakulima wetu hawaendelei. Turubai moja ya kupuria ingeondoa nusu ya mawe hayo. Mashine nzuri ya kukoboa ingeondoa mengine. Sioni sababu mji wenye nyumba za ghorofa kama hizi za Muhumba ushindwe kuinunulia tambarare inayoulisha maturubai.

## Jumba linalohitajika

Nimeshawaambia rafiki zangu kadhaa jambo hili na wengine wameniona mtu wa kuota. Vita, njaa, barabara, halafu unataka makumbusho ya mpunga?

Ndiyo, nataka.

Wazee waliopimiwa mashamba kwa kamba wanaondoka. Waliozaliwa karibu mwaka 1940 ni miongoni mwa wa mwisho walioona moniteri kwa macho yao na kushika mikono ya watu wa wakati wa Tippu Tip. Vita vikiisha tutajenga barabara, na barabara itasubiri. Koko hatasubiri. Makumbusho tunayoyajua, hata yale ya hapa Bukavu, Muhumba, yana vinyago na vitu vya heshima vya wakuu, na ni vizuri vitunzwe. Lakini sijaona mahali palipowekwa ungo wa mwanamke na kuandikwa: huu ulikuwa wa fulani, alilima kwa lazima, alilisha watu wangapi.

Mahali pake ni Kasongo. Wanaosema Bukavu au Kinshasa kwa sababu wageni wanafika kwa urahisi siwaungi mkono. Mpunga ulilimwa Kasongo, na watoto wa Kasongo ndio wa kwanza kuwa na haki ya kuingia bila kulipa. Haihitaji jumba la ghorofa wala saa mnarani. Chumba kimoja kinatosha kuanza, na simu ya kurekodi sauti, na mtu mwenye subira ya kukaa barazani. Ziwekwe kamba ya moniteri na karatasi ya amri ya mwaka 1917, isomeke kwa Kiswahili. Ziwekwe R66 na OS6 ndani ya chupa, kwa heshima yake Yangambi. Uwekwe mstari ule wa Hinde ukutani, na chini yake pabaki ukuta mrefu mtupu wa kuandika majina kadiri yanavyopatikana: jina moja, mahali, na aliyelikumbuka. Walioletwa watoto na hawana ukoo waandikwe pamoja na wenye ukoo, na wajukuu wa wenye msafara waruhusiwe kuandika pia, kwa sababu mara nyingi ni watu walewale.

Tippu Tip awemo. Huwezi kuieleza Kasongo bila yeye. Akae chumba cha ndani. Pale mlangoni, jina la kwanza mgeni atakalolisoma liwe la mtu aliyepanda.